Gari la mbao la akina mama wa Giakanja, na mzee aliyeliuza

Wakuu wa jukwaa la magari ya kitambo, nawasalimu nyote. Mwili wangu ni mzima lakini roho imechemka, kwa hiyo mnivumilie.

Mimi ni mama mtu mzima, mzaliwa wa Giakanja, kule Tetu, Nyeri. Kwa kawaida sichangii hapa. Nasoma tu, naangalia picha zenu, nacheka peke yangu mkiita gari lililotagiwa mayai na kuku ati "barn find".

Leo naandika. Sitaongeza chumvi, iliyopo inatosha.

Kilichonichemsha ni haya matangazo yenu ya kuuza. Kila gari la miaka ya hamsini na sitini lazima liandikwe "one owner, survivor, mzee aliitunza sana".

Mzee, mzee, mzee.

Mimi nimeendesha moja ya hizo survivor zenu nikiwa msichana. Ngoja niwaambie ilivyotunzwa, na huyo mzee alikuwa wapi ikitunzwa.

Baada ya uhuru, akina mama wa kwetu walikuwa na vikundi vya mabati. Vijana labda hamjui hii. Nyumba nyingi zilikuwa za nyasi. Kwa hiyo wanawake walijiunga, wakalima mashamba ya watu kwa kibarua, wakaweka pesa pamoja, wakamnunulia mmoja wao mabati. Halafu anayefuata. Halafu mwingine. Haba na haba, mpaka ridge nzima, mgongo wote wa kilima chetu, ikawa inang'aa jua likitoka.

Kikundi cha mama yangu kilimaliza mabati mapema. Wakaketi kuulizana sasa tufanye nini. Wengine walitaka tangi la maji, wengine walitaka ng'ombe wa gredi. Mwenyekiti wao, Mama Ndegwa, akasema gari.

Mama yangu aliniambia walicheka mpaka mmoja akamwaga chai.

Lakini Mama Ndegwa hakuwa anacheka. Mwaka ule walikuwa wamemzika mwenzao mmoja. Uchungu wa kujifungua ulimpata kwenye mvua, wakambeba kwa kitanda kuelekea hospitali ya mjini, na hakufika. Mama Ndegwa alikuwa ameshika mguu mmoja wa kile kitanda. Kwa hiyo aliposema gari, alijua anachosema.

Wakati huo wazungu wengi wa upande wa Kieni walikuwa wanauza vitu waende zao. Kulikuwa na mama mmoja wa kizungu ng'ambo ya Chaka, ambaye Mama Ndegwa alikuwa amemchumia pareto miaka mingi. Huyo ndiye aliyewauzia.

Wakuu, lilikuwa Morris Traveller.

Najua wengine mmeshaketi vizuri. Kwa wasiojua, ni station wagon ndogo, na nusu yake ya nyuma ina fremu ya mbao kwa nje, kama kabati. Hii yetu ilikuwa ya kijani kibichi. Ile mbao usipoitunza, mvua ya Nyeri inaimaliza haraka, inaota mpaka uyoga. Mnajua wenyewe, nusu ya zile mnazouza hapa kama "restoration project" zimeoza hapo hapo.

Yule mama wa kizungu aliwaambia wapake vanishi. Vanishi wangeitoa wapi? Walichokuwa nacho ni mafuta ya mbarika, yale wanawake wa kwetu walikuwa wanapaka ngozi na nguo za ngozi tangu zamani. Wakaamua kama yanalinda ngozi ya mtu yatalinda na mbao.

Basi kila Jumamosi mama mmoja alikuwa na zamu. Anakuja na kitambaa na chupa yake ya mafuta, anapaka fremu yote, anasugua mpaka ile mbao inakuwa ya rangi ya chai ya rangi. Mvua inyeshe, jua liwake, zamu haikosi. Hata msimu wa kuchuma kahawa, zamu haikosi.

Huo ndio utunzaji, mabwana. Andikeni hivyo kwenye matangazo yenu.

Sasa kosa. Hapa hasira yangu inagawanyika mara mbili, kwa sababu hakuna mtu aliyewalazimisha.

Gari lilikuwa lazima lilale mahali. Mama Ndegwa alikuwa na uwanja sawa karibu na barabara, kwa hiyo likawa linalala kwake. Na kwetu, kitu kinacholala kwenye boma la mtu hakiwezi kulala hapo kama mgeni asiye na jina. Boma lina mwenyewe. Wanawake wale, kwa adabu zao, wakaona ni aibu kumwekea mzee gari la wanawake mlangoni bila kumheshimu. Kwa hiyo walipokwenda kuandikisha, wakamwambia karani aandike jina la Baba Ndegwa, mume wa mwenyekiti.

Kama heshima tu! Hakuwa ameomba. Hakuwa ametoa hata senti ya nati. Karani angeandika jina lolote ambalo wangempa, na wakampa hilo.

Mama yangu alikuwa anasema siku ile walirudi wakiimba. Mimi kila nikikumbuka hiyo nataka kupiga mtu.

Miaka ikaenda. Dereva wa kwanza alikuwa kijana wa ridge jirani, akawa anakunywa, wakamfuta. Wakasema bora wafundishe msichana wao. Nilikuwa nimemaliza shule, niko nyumbani nachuma kahawa, nikachaguliwa mimi.

Nilipeleka wanawake wengi kujifungua na gari lile. Wengine hawakufika, wakajifungulia pale nyuma, mama yangu akiwa amepiga magoti kati ya viti. Nilibeba watoto wenye homa, nilibeba wazee, siku za soko nilibeba kabichi mpaka Chaka. Mafundi mjini walikuwa wakiniona nikiingia gereji wanaitana waje kuona. Sikujali. Nilijifunza spana zote, hawakuniibia hata plagi.

Kitu kikiisha kwenye gari, kikundi hakikuwa na mfuko mkubwa. Mama mmoja anajitolea. Mama Wachira alinunua tairi zote nne baada ya kuuza ng'ombe. Mwingine alinunua betri. Mama yangu alishona viti upya na kuvijaza sponji. Mama Kamau, wakati milango ya nyuma iligongwa na lori, alikata mti wake wa mũiri shambani, akaupeleka kwa seremala wa Wamagana, milango ikatengenezwa upya. Kila mtu alijua nini ni cha nani. Hakukuwa na haja ya kuandika, ilikuwa kama kujua ndizi za jirani.

Baba Ndegwa yeye alikuwa anakaa mbele siku za kanisa. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake.

Sasa tukafika miaka ya themanini, katikati pale. Jumapili moja baada ya ibada nilikuwa kwenye usukani nangoja akina mama. Bwana mmoja wa Nairobi akasimamisha gari lake, akashuka, akaanza kuzunguka letu polepole. Mtu wa suti nzuri, ana adabu. Alikuwa mwanachama wa klabu fulani ya magari ya zamani. Akainama, akagonga mbao kwa kidole, akapapasa ile milango ya nyuma akisema hiyo ni mbao halisi kutoka Uingereza.

Ule mũiri wa Mama Kamau, wakuu. 

Akaniuliza mwenye gari yuko wapi. Niko kwenye usukani, funguo ziko mkononi, ananiuliza mwenye gari. Nikamwonyesha Mama Ndegwa, alikuwa anakuja na wenzake. Lakini kabla hajafika, Baba Ndegwa alikuwa ameshatokea na kofia yake.

"Hii gari ni yangu," akasema. "Niko nayo tangu wazungu waende."

Yule bwana akamuuliza amefanyaje mbao ikakaa hivyo miaka yote.

"Mimi hupaka mafuta mwenyewe. Kila Saturday."

Mama Ndegwa alikuwa amesimama hapo nyuma yake. Alisikia. Wote walisikia. Mikono yao ilikuwa bado inanuka yale mafuta, kwa sababu jana yake ilikuwa Jumamosi.

Hakuna aliyesema kitu. Mbele ya mgeni, mke wa mtu hamwambii mumewe anadanganya. Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Najua vijana mtaniuliza mbona mlinyamaza, na mimi pia najiuliza.

Katikati ya wiki tukasikia gari limeuzwa. Deposit imeshatolewa, mnunuzi anakuja Jumamosi na lori. Baba Ndegwa alitusikizisha mwenyewe, akiwa kwenye duka la soko, akinunulia watu soda.

Tulijaribu njia zote za adabu. Tulienda kwa chifu. Chifu akauliza gari liko kwa jina la nani, akasema basi hapo yeye hana neno. Tulienda kwa wazee wa kanisa. Wakasema hayo ni mambo ya mume na mke, tuwaombee. Baba Ndegwa mwenyewe alikuwa mzee wa kanisa, kwa hiyo walikuwa wanamwombea mwenzao.

Tulikutana jikoni kwa mama yangu. Wengine wanalia, wengine wanataka kuchoma gari. Mimi nilikuwa upande wa kuchoma, nawaambia wazi.

Kuna binti-mkwe wa mmoja wao alikuwa na mimba kubwa, ameketi kwenye kona, anatuangalia. Kila mtu alikuwa anamwona na hakuna mtu alitaka kumwangalia.

Mama Ndegwa alikuwa ameketi na kikombe chake cha chai. Mjue yeye ndiye alikuwa na mzigo mkubwa. Sisi tungekasirika halafu twende kwetu. Yeye angerudi kulala kwenye nyumba ile.

Mwishowe akaweka kikombe chini, akauliza swali moja.

"Gari ni yake kwa karatasi. Tairi ni ya nani?"

Mama Wachira akasema ni yake.

"Kesho ukuje uichukue."

Ijumaa asubuhi tuliingia kwenye lile boma kwa lango, mchana mweupe, tukisalimia. Baba Ndegwa alikuwa ameketi barazani na redio. Akaona wanawake wamezunguka gari, akafikiri tumekuja kuosha. Akatuambia tusugue vizuri, kesho kuna mgeni.

Tukamwitikia sawa, mzee.

Mimi niliweka jeki. Nikafungua nati. Tairi ya kwanza ilipotoka, tukapanga mawe chini ya ekseli, Mama Wachira akaiviringisha mpaka nje ya lango bila kugeuka nyuma. Ya pili vivyo hivyo. Mama wa betri akachukua betri yake kwenye kikapu, amefunika na kanga. Mama yangu akatoa viti. Mama Kamau akabeba milango yake ya nyuma kwa kamba ya kichwani, kama kuni.

Mtu alikuwa amenunua taa moja, akachukua hiyo moja. Nyingine akaiacha, haikuwa yake. Hivyo ndivyo walivyokuwa waaminifu wakiwa na hasira.

Mimi nilitoa usukani. Haukuwa wangu. Niliutoa kwa uchungu tu.

Ilikuwa tairi ya tatu Baba Ndegwa aliposimama. Akaja mbio, kofia imeanguka, anauliza tunafanya nini na gari lake, ati ataita polisi, ati sisi ni wezi.

Mama Ndegwa alitoka jikoni. Alikuwa anapika, mikono iko na unga. Akasimama kati yake na sisi.

"Gari yako iko hapo, Baba Ndegwa. Jina yako hatujagusa."

Mzee akaokota kofia yake. Akarudi akaketi kwenye baraza, na redio ikaendelea peke yake.

Jumamosi lori likaja. Yule bwana wa Nairobi akashuka na furaha yake. Akakuta bodi ya kijani juu ya mawe, haina viti, haina milango ya nyuma, nyaya zinaning'inia. Kuku alikuwa ameshaingia. Akazunguka mara moja. Akamwambia mzee hii si ile, hii sasa ni project, na yeye hakuja kununua project. Akadai deposit yake, ambayo sehemu ilikuwa imeshanywewa soda, wakagombana mpaka adhuhuri, akaenda.

Sisi tulikuwa barabarani tunaangalia. Tulicheka sana siku hiyo. Tulijiona majemadari.

Waswahili wanasema hasira hasara. Sawa. Hasara ilikuja na mvua.

Yule binti-mkwe wa pale kwenye kona alishikwa na uchungu, na hakukuwa na gari. Tairi ziko kwa Mama Wachira, viti viko kwetu, betri imekufa. Tulimbeba kwa kitanda. Kitanda, wakuu, kama zamani. Mimi nilishika mguu mmoja, Mama Ndegwa akashika mwingine, tumelowa, tunateleza kwenye ule udongo mwekundu, na hakuna aliyekuwa na mdomo wa kuimba wala kucheka. Alijifungulia kando ya njia. Yeye akapona, mtoto akapona, kwa neema tu. Lakini nilimwona Mama Ndegwa uso, na sikutaka kuona tena.

Mnaweza kusema tulijiumiza wenyewe. Nimeshajiambia hivyo mara nyingi. Bado najibu kwamba tungemwacha mzee auze, yule binti tungembeba kwa kitanda kile kile, na mzee angekuwa na pesa mfukoni. Hapakuwa na njia ya sisi kubaki na gari. Hiyo njia ilifungwa siku ile walirudi kutoka mjini wakiimba.

Bodi ilikaa kwenye mawe miaka mingi. Mbao bila mafuta ilioza kama mbao nyingine yoyote. Mzee alipokufa, watoto wake waliliuza gari hilo kwa watu wenu wa projects. Pengine mmoja wenu analo. Sitaki kulijua.

Mama Ndegwa alikaa kwenye nyumba ile mpaka mwisho. Alimpikia yule mzee kila siku. Sijui waliongea nini, hakuwahi kusema, na mimi sikuuliza.

Mwezi uliopita tulimzika.

Watu walikuwa wengi, mahema, spika kubwa. Mwanawe akasoma eulogy. Akasoma alizaliwa, akabatizwa, akaolewa, akajaliwa watoto. Halafu akasoma hivi, ati marehemu alikuwa mke wa mzee aliyemiliki gari la kwanza hapa kwetu, ambalo mzee alilitumia kwa moyo wake mwema kupeleka akina mama hospitalini.

Watu wakapiga makofi.

Niliinua mkono niombe maikrofoni. MC akaniambia kwa heshima, mama, programu imejaa, na pasta ana mazishi mengine. Nikainua tena. Akaniruka akaita wakwe.

Wa kikundi kile waliobaki ni watatu, walikuwa wameketi kwenye viti vya plastiki mstari wa mbele. Mama Kamau haoni vizuri siku hizi, lakini masikio yako sawa. Alinivuta kwa sweta.

"Wewe uko na macho na uko na simu," akaniambia. "Andika."

Ndiyo nimeandika.

Somo langu si refu. Jina la mtu likae kwenye kitu alichokitolea jasho, hata kama mnapendana, hata kama mnalala kitanda kimoja, hata kama utaonekana huna adabu. Adabu ya aina ile imetuponza vya kutosha. Na wewe unayeandika "one owner" hapa, kabla hujapiga picha, enda uulize ni nani alikuwa anashika kitambaa.

Mnaotaka kubishana, karibuni, mimi nipo, leo sina kazi nyingine. Lakini kwanza naomba kitu. Kama una mama, au cucu, yaani nyanya, au shangazi ambaye jasho lake liliandikwa kwa jina la mzee fulani, mwandike hapa chini. Usiandike Mama Nani. Andika jina lake mwenyewe, na alichokitoa.

Naanza na wetu.

Gathigia alinunua tairi nne.

Wairimu, mama yangu, alishona viti.

Wanjugu alikata mti wake akatoa milango.

Nyaguthii ndiye alisema gari wakati wote walikuwa wanacheka. Tulimzika kama mke wa mwenye gari.